Pikipiki Iliyozimika Siku ya Sabato

Nimestaafu, lakini pikipiki bado hazijaambiwa. Kila wiki mtu huisukuma moja hadi uani kwangu, anaiegemeza kwenye mgomba, halafu anasema, "Fundi, hii inamisi." Mke wangu humweleza kwamba nimeacha kazi. Mgeni hujibu kwamba anajua, na kwamba hakuja kutengenezewa, amekuja nisikilize tu. Basi nasikiliza. Masikio hayakustaafu pamoja na mgongo.

Ninyi vijana mlioanza ufundi juzi mnanionea huruma, kwa sababu pikipiki za leo zinaunganishwa na simu, na simu inataja ugonjwa. Sina ugomvi na simu. Ila vilima hivi vyetu, kutoka Masimba kwenda Gesima, bado vimejaa pikipiki za zamani zenye kabureta, ambazo hazijui simu ni nini. Zinabeba majani chai, ndizi na mama za watu. Siku moja itasukumwa moja mpaka kwenye kibanda chako, mwenyewe ataenda kunywa chai, na mtabaki wawili mnatazamana. Nawaandikia kwa ajili ya siku hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu kumisi. Injini inahitaji petroli, hewa na cheche ya moto, na vyote vifike kwa wakati wake. Kikipungua kimoja, inaanza kuunguruma kama mtu anayemeza maneno. Fundi mchanga akisikia hivyo hukimbilia spana. Nimewaona. Pikipiki bado ina joto la safari, na kabureta tayari imetawanywa juu ya gunia, jeti, vile vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia petroli, zinatafutwa kwenye nyasi. Ukishafungua kabureta, ushahidi umemwagika.

Fungua plagi kwanza. Daktari hukuambia utoe ulimi, na plagi ndiyo ulimi wa injini. Ikiwa na rangi ya uji wa wimbi, mambo ni sawa hapo, tafuta kwingine. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au hewa ni chache, kwa hiyo angalia kichujio cha hewa. Nimewahi kutoa kichujio chenye udongo ambao ungeotesha sukumawiki. Ikiwa nyeupe na kavu kama jivu, petroli haifiki vya kutosha. Na kama uko barabarani na plagi ni ya moto, tumia choki. Choki hupunguza hewa. Injini ikikohoa, ivute kidogo. Ikipata nafuu, ujue ilikuwa na njaa ya petroli. Ikizidi kuugua, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Hayo ni mazungumzo tosha kati ya watu wawili ambao mmoja wao ni chuma.

Mambo haya nilianza kuyaelewa mbele ya kaunta ya Bwana Jayanti, aliyekuwa na duka la vipuri mjini Kisii. Alizaliwa ghorofani juu ya duka hilohilo, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wangu. Ukimwomba plagi mpya au jeti, aliileta, akaiweka mezani, kisha akaifunika kwa kiganja. "Umejuaje?" aliuliza. Ukisema unafikiri ndiyo iliyoharibika, aliirudisha rafuni. Alisema kwamba yeye huuza vipuri, na mtu anayefikiri bado hahitaji kipuri. Duka la jirani liliuza bila maswali, na mafundi wengi walienda huko. Bwana Jayanti aliwatazama wakipita, akaendelea kupangusa vumbi.

Siku moja nilirudi kwake nikijivuna. Nilikuwa nimebadilisha vitu kadhaa kwenye pikipiki moja, na sasa ilikuwa haimisi. Akauliza ni kipi kati ya vile kilichokuwa kibovu. Sikujua. Akauliza kama ninaweza kuifanya imisi tena. Nilidhani anatania.

"Ugonjwa ambao huwezi kuurudisha, hujaupata," alisema. "Umeufukuza tu. Utarudi wenyewe, na utarudi usiku wa mvua, mwenye pikipiki akiwa mbali na akikutaja jina."

Ulirudi. Nilitajwa.

Tangu hapo nilibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na nikiuponya ugonjwa naurudisha kwanza kabla ya kuuaga. Wateja waliniona mwendawazimu. Mtu analeta pikipiki mbovu, anakuta imepona, halafu fundi anaiharibu tena mbele yake huku akitabasamu. Mzoee kuonekana hivyo.

Na msiache pua nyumbani. Pale Birongo palikuwa na mwuza ndizi ambaye pikipiki yake ilitoa moshi na kumisi kila siku ya soko. Nilifungua tangi, nikanusa mafuta ya taa. Petroli alikuwa akinunua ya chupa, kwa kaka ya mke wake. Nilipomwambia, alisema haiwezekani, huyo ni shemeji. Nikamwambia plagi haina shemeji. Akaanza kununua petroli kwingine kwa siri, na mpaka leo shemeji anaamini kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza ile pikipiki. Amenisifu kwa watu wengi.

Lakini niliyotaka hasa kuwaeleza ni habari ya Omogaka Ombati. Omogaka ndivyo tunavyomwita mzee kwa heshima. Yeye ni mkulima wa chai kule Gesima, na ni mzee wa kanisa katika kanisa la Wasabato lililo kilimani, ng'ambo ya bonde lao. Mkewe ni Mama Kemunto. Magoti ya Mama Kemunto yaliacha kukubali kile kilima miaka mingi iliyopita, kwa hiyo kila Sabato asubuhi alipanda nyuma ya pikipiki ya mumewe, akakaa upande, Biblia na kitabu cha nyimbo ndani ya kikapu, wakaenda. Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya zamani, imara, yenye tangi kubwa. Niliijua tangu mimi na yeye tukiwa na nywele nyeusi.

Alikuja kwangu Jumapili moja, akaniambia inamisi. Nikauliza inamisi wapi. Akasema kwenye kilima cha kanisani. Nikauliza lini.

"Sabato," alisema.

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine inabeba chai kupita kilima hichohicho, na mzigo mzito kuliko mke wangu. Haikohoi hata kidogo."

Alisema bila kubadilisha sauti, kama mtu anayetaja uzito wa gunia. Nikaichukua pikipiki, nikapanda nayo kila mwinuko wa Masimba. Ilikwenda kama maji. Nikamuuliza kuhusu choki. Akasema ndiyo, siku hiyo ikianza kukohoa akivuta choki inajikokota kidogo, kisha inazimika. Basi ilikuwa njaa ya petroli. Nilisafisha bomba la tangi, nikasafisha kichujio chake, nikafungua kabureta kwa adabu, nikapuliza jeti. Kila kitu kilikuwa safi. Sabato iliyofuata ikazimika palepale.

Hapo niwaeleze ugumu uliokuwepo. Mimi pia ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama, kibanda changu kilifungwa, na spana zikalala. Pikipiki ilikuwa inaugua siku ile moja ambayo fundi wake haruhusiwi kuigusa, na Jumapili iliniletea afya tupu. Jirani yangu kibandani alikuwa Onchiri, fundi mzuri, Mkatoliki, na yeye Jumamosi hana ugomvi nayo. Alijitolea kwenda na mkoba wake wa spana. Omogaka akakataa. Alisema hawezi kuikataza mikono yake kazi siku ya Sabato halafu akaikodi mikono ya Onchiri. Onchiri akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pikipiki yenyewe ndiyo imeokoka, sisi tumebaki nyuma.

Kule Gesima mambo hayakuwa mzaha. Watu wanatembea kwenda kanisani kwa barabara hiyohiyo, kwa hiyo kila Sabato kutaniko zima lilimpita mzee wao wa kanisa akiwa amesimama kando ya majani chai na pikipiki iliyokufa. Maneno yakaanza. Dada mmoja alikuwa ameota pikipiki. Wengine walifungua amri ya Sabato, wakaonyesha mahali inaposema hata mnyama wako asifanye kazi, wakasema huenda hii imeisoma. Na walikuwepo waliosema kwamba nyumba ambayo chombo chake kinakataa kwenda kwa Mungu siku ya Mungu, ina jambo ambalo halijasemwa. Hayo ndiyo yaliyomfikia Mama Kemunto.

Wazee wenzake walimwomba Omogaka, kwa upole, aiache pikipiki nyumbani. Maana yake ni kwamba Mama Kemunto angebaki nyumbani pia. Boda wa pale wengi ni Wasabato wenyewe, hawabebi siku hiyo, na wale wanaobeba walishamwangusha mama mara moja, akaapa kutowapanda tena. Omogaka akaona afadhali aiuze kabisa kuliko kuiona imesimama uani huku mkewe akiimba nyimbo peke yake jikoni. Mnunuzi alipatikana. Angekuja Jumatatu.

Ijumaa mchana alinipitia kunieleza, ili nisisikie kwa watu. Nilimwuliza kama ningeweza kuabudu nao kesho yake. Akasema kanisa ni la wote. Akanitazama mikono. Nikamwambia nitakuja mikono mitupu.

Nilifika kwao asubuhi kwa pikipiki yangu. Walikuwa tayari mlangoni. Na pale ndipo nilipoona kitu ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukiona, kwa sababu pikipiki ya Omogaka niliijua ikiwa uchi. Siku hiyo ilikuwa imevaa.

Wengi wenu mnazijua nyumba zetu, vile viti vinavyovishwa vitambaa vya kufumwa. Mama Kemunto ndiye aliyefuma vya nusu ya nyumba za Gesima. Na pikipiki alikuwa ameifumia vazi la uzi mweupe na mwekundu, linalokaa juu ya tangi na kufungwa chini kwa vishikizo. Kifuniko cha tangi kilikuwa na kofia yake peke yake, ndogo, duara, yenye ua juu, na kwa ndani ameishonea plastiki nzito, na ukingoni ameitia lastiki inayobana shingo ya kifuniko kisawasawa. Nilimsifia. Alisema msimu wa mvua uliopita maji yaliingia kwenye tangi, na fundi fulani wa barabarani aliyeyatoa aliwaambia wakifunike kifuniko. Siku za kazi Omogaka hutia kipande cha mfuko tu mvua ikija, kwa sababu utomvu wa chai ungelichafua vazi. Hili lilikuwa la Sabato.

Nilikuwa bado nafikiri, na mtu anayefikiri bado hahitaji kipuri.

Tukaondoka, wao mbele, mimi nyuma. Tangi lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Sabato hatununui, kwa hiyo Omogaka hujaza Ijumaa. Walishuka bondeni vizuri, wakavuka daraja, wakaanza kilima. Nusu ya kilima, nikasikia injini ikimeza neno. Kisha mawili. Omogaka akavuta choki, ikajikokota hadi kwenye wembamba wa barabara kati ya chai, ikafa. Watu waliokuwa wakipanda kwa miguu walitupita wakitusalimia kwa uangalifu.

Mama Kemunto akashuka polepole. Omogaka akafanya anachofanya kila mwendesha pikipiki duniani inapozimika: alitaka kuona kama petroli ipo. Akaivua ile kofia, akamkabidhi mkewe aishike, akazungusha kifuniko. Nikasikia fssss. Sauti ndogo, ya hewa inayoingia mahali ilipokuwa imekatazwa.

"Petroli ipo," alisema Omogaka, kama alivyosema kila Sabato. Akafunga. Wakainamisha vichwa, nami nikainamisha changu. Aliombea safari, akaombea kutaniko, akaombea magoti ya mama, na akamwombea fundi aliye pamoja nasi ambaye bado hajajaliwa kuona. Tulipoitikia amina, akapiga kiki moja. Ikawaka, ikanguruma vizuri kabisa.

"Umeona, fundi?"

"Nimeona, Omogaka."

Nifafanue kilichotokea, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Petroli hushuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake. Kila inaposhuka huacha nafasi, na lazima hewa iingie kuijaza, vinginevyo petroli inashikwa, haishuki tena. Jaribu kumimina mafuta kutoka kwenye dumu usilolitoboa upande wa pili, utaona linavyogugumia. Ndiyo maana kifuniko cha tangi kina kitundu cha kupumulia. Kofia ya plastiki na lastiki ilikiziba kile kitundu. Na tangi likijaa pomoni lina hewa kidogo tu ya kuazima, kwa hiyo linakabwa mapema, tena mlimani, injini inapohitaji petroli nyingi. Siku za chai kofia haikuwepo. Kurudi kutoka kanisani huanza na mteremko, na tangi limeshapungua.

Sasa angalieni tatizo langu. Kabla ya pikipiki kuwaka, mambo mawili yalitendeka: tangi lilifunguliwa, na maombi yalifanyika. Bwana Jayanti angesema badilisha kimoja. Lakini ni nani atamwambia mzee wa kanisa, njiani kwenda kanisani, ajaribu bila kuomba? Kwa hiyo nilimgeukia Mama Kemunto, aliyekuwa ameinua kofia airudishe mahali pake.

"Mama," nikamwambia, "leo iende bila kofia. Inaingia kanisani, na mwanaume akiingia kanisani huvua."

Akaitazama pikipiki. "Na hii ni mwanaume?"

"Kwa jinsi inavyokataa kusema inapoumwa, ndiyo."

Alicheka mpaka akanishika bega. Omogaka hakucheka, lakini mabega yake yalichukua muda kutulia. Kofia ikaingia kikapuni, juu ya kitabu cha nyimbo. Kuvua kofia si kazi, hata kwa Msabato. Tulifika mapema, na kwenye ngazi za kanisa watu walitazamana.

Lakini kumbukeni, sikuwa nimeupata ugonjwa. Nilikuwa nimeufukuza tu. Jumapili asubuhi nilirudi, tukajaza tangi, tukaivisha kila kitu, kofia ikabana. Omogaka akaendesha, na mama, ambaye nilimwomba aje, akapanda nyuma. Nusu ya kilima ikameza maneno, ikafa palepale. Hakuna aliyeomba, ilikuwa Jumapili. Nikamwambia mama aivue kofia yeye mwenyewe, na mzee afungue kifuniko taratibu. Sote watatu tukasikia fssss. Kiki moja, ikawaka.

Mama Kemunto alibaki ameishika ile kofia kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Sabato zote hizo wanamsema mzee, kumbe ni mimi."

Vijana, siku mtakayopata ugonjwa, mtu fulani atakuwa ameusababisha, na mara nyingi atakuwa amesimama hapo. Kumpa jibu ni sehemu ya kazi kama ilivyo kufunga nati. Nilimwambia kwamba aliagizwa azuie maji, na tangu siku ile halikuingia hata tone moja. Kazi aliyopewa aliifanya yote. Aliyemwagiza ndiye ambaye hakumaliza sentensi: alisema funika, hakusema acha pa kupumulia.

Nilimwona bado anamtazama mumewe. Omogaka alikuwa akisikiliza injini.

"Mimi niliomba iwake," alisema hatimaye, "ikawaka. Kila Sabato. Sioni aliyenikosea hapa." Kisha akamwambia, kwa sauti ileile ya uzito wa gunia, "Panda twende, mama. Mnunuzi anataka kuambiwa mapema."

Jioni ile Mama Kemunto alifumua ua la kofia, akatoboa plastiki chini yake, akaufuma ukingo wa kitundu kwa uzi mwekundu usifumuke, kisha akalirudisha ua juu yake kama paa, mvua isiingie. Hewa inapita, maji hayapiti. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Watu wakaanza kumletea vifuniko vya tangi zao. Yeye huwauliza kwanza kitundu kiko wapi, na asiyejua anarudishwa nyumbani akakitafute. Bwana Jayanti angempa kazi.

Sabato nyingine huwa naenda kuabudu kule kwao, na hukutana nao kilimani. Pikipiki haizimiki tena. Lakini wakifika pale penye wembamba wa barabara kati ya chai, Omogaka husimama, kwa mazoea. Mama hashuki. Wanainamisha vichwa, injini ikinguruma chini yao bila kumeza neno. Ombi limekuwa fupi kuliko la zamani, kwa sababu petroli inaungua.